Nilizima Friji la Boti, Baba Akanisifu

Mpendwa Bi Mwanakombo, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba unifichie jina, maana jambo hili nikilisema nyumbani nitaumbuka, na nisipolisema linaweza kumuua baba yangu.

Nina miaka thelathini na moja, naishi Chang'ombe, na tangu nimalize chuo cha ufundi nafanya kazi na baba kwenye karakana yetu, yeye anatengeneza mafriji na kusuka mota, mimi nafunga sola majumbani, na nyumba nilizofunga kuanzia Segerea hadi Bunju ni nyingi na hakuna hata moja iliyoniletea lawama. Baba alizaliwa Moroni, visiwani Komoro, akaletwa Dar akiwa mtoto, mama yake amezikwa kule, na miaka yote anasema hataki kulifikia kaburi lile kwa ndege, atalifikia kwa tanga kama alivyoletwa, sasa mwaka juzi Mzungu mmoja aliyekuwa na boti ya matanga Kunduchi akaamua kurudi kwao, akamwachia baba ile boti, na baba akasema usukani wake, umeme wangu.

Baba ana kisukari na anajichoma insulini, kwa hiyo friji la kwenye boti si la soda, na safari ni ya siku tano au sita, na friji, taa, redio na ile mashine inayoshika usukani yenyewe vyote vinakula betri moja. Nikapiga hesabu kama ninavyozipiga za nyumba, nikafunga paneli nne, nikamwambia baba umeme utatosha na kubaki, ndipo ami yangu, mdogo wake baba, akasema sebuleni mbele ya watu wote, "Kaka, umeme wa baharini mpe mwanamume. Huyu mwache aendelee na mabati ya Bunju." Nilichemka, nikaapa umeme huo ukikatika naacha ufundi.

Mwezi uliopita tukaijaribu boti, siku mbili baharini bila kushuka, baba na mimi tu, na dawa yake aliiweka kwenye kikasha cha barafu kwa tahadhari. Siku ya kwanza mambo yalikuwa shwari. Siku ya pili, saa tisa mchana, jua kali, baba amejilaza chini, nikatazama mita nikaona betri inashuka badala ya kupanda, nikainua macho nikaona tanga limezitia kivuli paneli mbili, na boti ikiyumba kivuli kinahamia ya tatu, na paa la nyumba haligeuki Bi Mwanakombo, mimi sijawahi kufunga sola kwenye paa linalogeuka! Nikaona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nikazima friji, nikazima mashine ya usukani, nikaushika kwa mikono, na baba alipoamka nikamwambia najizoesha tu. Magharibi alifungua friji akanywa maji, akaigeuza chupa mkononi, akasema, "Alhamdulillahi," akalifunga. Nililiwasha tena asubuhi tulipokaribia kufika.

Nyumbani akamwambia ami, "Umeme ulitosha. Binti yangu ni fundi." Ami akaniomba radhi. Dua ya safari imeshatangazwa, ni baada ya wiki tatu, na mimi sitaki safari ivunjike, nataka twende na tufike, nimewaza kuongeza paneli kimyakimya yaishe, lakini usingizi sina, na kila jioni tukifunga karakana baba ananiuliza, "Mama, huna la kuniambia?" nasema sina, anasema, "Haya, tufunge." Nifanyeje?

Fundi wa mapaa, Chang'ombe

*

Marahaba, binti. Jina nimelificha kama ulivyoomba, ingawa sijui unadhani mafundi wa kike wenye boti za matanga wako wangapi hapo Temeke.

Nakuonea huruma na hapo hapo natamani kukufinya. Kukosea hesabu hakuna asiyekosea. Lakini ulimwacha mgonjwa wa insulini aamini friji linafanya kazi, ili tu ami yako asikucheke. Hilo ni kosa kubwa, na wewe unalijua, ndiyo maana hulali.

Mimi umeme ninaoujua ni wa kununua luku, kwa hiyo nilimpigia Khalfani, anayefunga umeme wa boti huko Kigamboni. Alicheka. "Hao wa majumbani wote wanakosea hapo hapo," alisema. "Boti ikiwa imetia nanga inakula kidogo. Ikitembea, usukani unakula mchana na usiku, halafu tanga linakunyima jua. Mwambie apime ikitembea." Anakushauri uzihamishie paneli nyuma kabisa ya boti, kwenye fremu utakayoisimamisha hapo, mbali na kivuli, na kila moja uipe chaja yake ili moja ikilala kwa kivuli nyingine zisilale nayo. Utafute na jenereta ya kuburuta, lile pangaboi dogo linalofungwa kwa kamba nyuma ya boti, likizungushwa na mwendo linachaji hata usiku. Mwendo utapungua kidogo, na kaburi la bibi yako halina haraka. Dizeli ya kuchajia kwa injini mbebe ya kutosha. Kisha mrudi baharini siku tatu kamili, na safari hii usizime kitu. Betri ikishuka, ishuke mbele ya macho ya baba yako. Ikishindikana, dua isogezwe mbele, hakuna atakayekufa kwa hilo.

Na dawa isitegemee friji peke yake. Marehemu mama yangu alijichoma insulini pale Tandika miaka ya mgao wa umeme, na dawa yake ilikaa kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji. Nendeni kliniki yake, muulizeni nesi dawa ipi ikae wapi na kwa siku ngapi.

Ila paneli za kimyakimya nazikataa. Soma tena barua yako mwenyewe. Mtu anayetengeneza mafriji tangu hujazaliwa alifungua friji baharini, akanywa maji yaliyoanza kupoteza ubaridi tangu saa tisa, akamshukuru Mungu, akalifunga. Unadhani hakujua? Alijua kabla hajameza. Mbele ya ami yako alikustahi kwa sababu wewe ni mwanawe. Na tangu siku hiyo, kila jioni anakupa nafasi, na kila jioni wewe unafunga mlango.

Utamwambia lini, mkiwa katikati ya maji? Leo akikuuliza, usishike kufuli. Kaa kwenye benchi, mwangalie, umwambie, "Baba, yale maji uliyokunywa hayakuwa baridi."