Gurudumu la Baba Lilivyoanguka Maribor

Gorazd,

Huku Ptuj theluji imeyeyuka na paka wa jirani amezaa. Salamu zangu zinaishia hapo.

Lile gurudumu la matofali ya plastiki ya kuchezea, linalokimbia peke yake kwa mota, baba alilijenga kwa mkono wake mmoja uliobaki na nguvu baada ya kupooza. Alikufundisha: mota ikizungusha kisahani cha ndani upande huu, gurudumu linageukia upande wa pili. "Gusa kitufe, achia, mwanangu. Kisahani kikishafika mwisho wa kasi, hakigeuzi kitu tena."

Kwenye maonyesho ya Maribor ukawatangazia watu, "Nimelibuni mwenyewe!" Ukang'ang'ania kitufe. Likakata kona kidogo, likanyooka, likaanguka kutoka mezani na kusambaratika. Watu wakacheka. Ndipo ukamsonta baba: "Mzee huyu ndiye aliyelifunga vibaya!"

Baba akajiteremsha sakafuni kuokota vipande. Wewe ukamruka, ukaenda zako.

Sasa amelijenga upya, linakata kona kushoto na kulia jikoni kwetu. Jana akaniambia, "Tjaša, mpelekee kaka yako. Alilipenda sana."

Nimemwambia nimeshakutumia. Limo kabatini mwangu, na hulipati ng'o.

Dada yako kwa damu tu,
Tjaša