Kamba Kwenye Mringaringa wa Mpakani

Mke wangu, Mama Aneth,

Salamu zangu zisiende mbali. Umelala hapo kwenye migomba, na mimi nimekaa barazani natazama majani yake yanavyopigwa na upepo. Ningeweza kutoka nikaja kukusemesha, kama nifanyavyo siku nyingine, ila majirani wameanza kunitazama kwa huruma nisiyoitaka. Halafu ulikuwa ukiniambia kwamba nikiwa na hasira niandike kwanza, niongee baadaye. Basi naandika. Hasira ninayo, lakini iliyo kubwa kuliko hasira ni kushindwa. Nimeshindwa, mke wangu, na sijazoea.

Ule mringaringa wa mpakani, uliokuwa ukiupenda kwa sababu ulikukumbusha kihamba, shamba la ukoo wenu kule Marangu, unakufa. Umeota uyoga shinani, upande wa korongo. Nimeugonga kwa kisogo cha shoka: huku unaitika kama mti, kule unaitika kama debe tupu. Udongo wa upande wetu umepasuka na kuinuka, maana mizizi inang'oka taratibu. Bado una majani, bado mwaka huu umetoa yale maua meupe na nyuki wamekuja, na mtu asiyejua miti atakuambia ni mzima kabisa. Lakini umeinama, na unapoinamia ni chumba cha jirani yetu, Mama Boay.

Mama Boay huyu huyu. Aliyekupa mche wa kwanza wa mgomba ulipofika hapa bibi harusi ukilia kwamba utaishije mahali pasipo na ndizi. Migomba yote iliyokuzunguka sasa ni watoto wa mche ule. Nyonga imemwisha kabisa. Kutoka kitandani hadi mlangoni kwake ni safari, na anaifanya kwa kushika ukuta.

Najua unachotaka kusema. Wewe si fundi wa miti? Unangoja nini? Kila anayepita njiani ananiuliza hivyo hivyo. Nimepunguza miti ya lodge zote za njia ya kwenda getini Ngorongoro, nimeshusha mikaratusi iliyolalia paa za makanisa, nimekata matawi karibu na nyaya za umeme nikisali kwa lugha tatu. Huu wa nyumbani kwangu siwezi kuugusa hata kwa kisu cha kumenyea viazi.

Kama ingekuwa kibali tu, ningekifuata. Mti wa asili una kibali chake, msumeno wa mashine una chake, na aliyenitia hayo kichwani ni wewe. Unamkumbuka yule meneja wa lodge aliyetaka mfudufudu ukatwe siku ile ile kwa sababu wageni wake walikuwa wanaingia jioni? Mimi nilishavaa mkanda. Wewe ukakalia msumeno, ukajifunga khanga vizuri, ukasema, "Kibali kwanza. Wakija watu wa misitu hapa watamchukua mume wangu, hawatakuchukua wewe." Meneja akacheka, akadhani utani. Ukakaa pale mpaka chai ya saa nne ikaletwa na ukainywa papo hapo juu ya msumeno. Nilikuonea aibu siku ile. Baadaye nilikuwa nawasimulia watu kwa majivuno.

Safari hii kibali si tatizo. Tatizo ni Boay. Alifungua shauri la mpaka mwaka jana, baada ya kusikia wapimaji wa hati za kimila watapita kijijini. Sote wawili tunakubali kwamba mpaka unaanzia kwenye mringaringa. Ndiyo alama waliyoiacha baba yangu na baba yake walipogawana ardhi, wakasema huyu ndiye shahidi. Tunachogombania ni mstari unakoelekea ukitoka hapo. Mimi nasema unaenda kwenye lile jiwe kubwa. Yeye anasema unaenda moja kwa moja korongoni, na ukienda hivyo unapita kwenye migomba. Baraza la ardhi likatoa zuio: mtu yeyote asikate, asing'oe, asiguse alama ya mpaka hadi shauri liishe. Siwalaumu. Ningekuwa mimi nimekaa kwenye kiti kile ningesema vile vile. Nani anamruhusu mshtakiwa amkate shahidi?

Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Kijana mzuri, ana heshima, alinipa kiti chake mwenyewe. Nikamweleza uyoga, nikamweleza mizizi. Nikamuuliza, "Mtendaji, ukianguka wenyewe ukaua mtu, kosa la nani?"

"La nani tena, mzee wangu? Hiyo si mipango ya Mungu?"

"Na nikiukata usiue mtu?"

Akakuna kichwa muda mrefu. "Hapo sasa ndiyo kosa lako, mzee."

Nikamuuliza, je, nikiupunguzia matawi tu, uwe mwepesi? Akasema kugusa ni kugusa. Akapiga simu mbele yangu kwa watu wa baraza, akajibiwa kwamba maombi yapelekwe siku shauri litakapotajwa tena. Litatajwa mvua zikiwa zimekwisha. Nikamrudishia kiti chake, nikaenda zangu.

Nikamfuata Mama Boay mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, njoo ulale kwangu mpaka mvua zipite. Chumba cha Aneth kipo wazi."

Akanishika mkono. "Baba Aneth, mimi ningekuja leo. Mti ule siupendi unavyolia. Lakini Boay amesema nikitoka humu, barazani watasema tumekimbia, tumekubali mpaka si wetu. Na kulala kwako wewe, mwanangu! Wewe ndiye mshtakiwa."

Tukacheka, maana tungefanya nini? Nimemfahamu tangu nikiwa kijana, na Boay nimembeba mgongoni akienda kliniki. Sasa ni mshtakiwa wao.

Sasa sikiliza hili, na ukitaka kukasirika kasirika. Nilimpigia Boay simu Arusha. Nikamwambia, chukua. Kipande chote, hadi korongoni, mimi sitaki kesi, naomba tu uje tusaini ili mti ukatwe mama yako asife. Unajua wewe umo ndani ya kipande hicho. Nilijua nikiwa nasema. Niliwaza kwamba ungekuwa hai ungenitangulia kuyatamka, lakini sina uhakika, na ndiyo maana nakwambia. Akasema, "Baba Aneth, shikamoo, lakini unanitega. Juzi ulikuwa unang'ang'ania, leo unanipa bure? Wakili amesema tusiongee nje ya baraza." Akakata simu. Hata kushindwa kwa hiari nimekataliwa.

Usiku huo sikulala, nikawa nawaza siku zetu za kazi. Yule kijana wa kamba alipoacha kazi akaenda kubeba mizigo ya watalii, nilidhani ufundi wangu umekwisha, maana mti hupandi bila mtu wa chini. Wewe ukasema, "Kamba ni kamba. Nipe." Kijiji kizima kilicheka. Walisema nimefungwa na mke wangu kama mbuzi wa Krismasi. Wengine wakipita wanakutania, "Aliye juu mngoje chini, Mama Aneth!" Nawe unajibu bila kuinua macho, "Namngoja, ana hela ya mboga."

Uliizungusha kamba kwenye shina, ukaweka mguu, ukainua uso. Kabla sijahama tawi ninaita, "Umeshika?" Unaitika, "Nimeshika." Basi, na mimi nahama. Miaka yote ile sikuwahi kuhama tawi kabla sijasikia neno hilo. Unakumbuka safari yetu ya Wasso, tulipoitwa kupunguza miti kwenye uwanja wa nyumba moja kule? Basi lilitutikisa siku nzima, vumbi hadi kwenye meno. Tulipokuwa ndani ya hifadhi nikauona mti mmoja umeinamia barabara, nikawa nageuza shingo kuutazama. Ukanipiga kibao cha paja. "Usiutazame hivyo, huo si wako. Humu hata kijiti kikavu cha kuota moto huokoti." Halafu ukalala begani kwangu mpaka tulipofika, na bega likafa ganzi, na sikulisogeza.

Na siku ya mkaratusi, ile iliyotupa jina. Nilikanyaga gome bovu, nikaenda chini. Nikasikia kamba ikikaza kiunoni, nikaning'inia juu ya vichwa vya watu kama ndoo ya kisima. Nilipotua nilikuta viganja vyako vimechunika. Toka siku ile nilimwambia kila aliyetaka kunisikiliza na asiyetaka: mke wangu alinidaka. Mtu wa kilo chache vile, akanidaka mimi. Wateja walitupenda kwa hadithi ile.

Mpaka hospitalini, wiki ile ya mwisho. Nilikuwa nakulisha uji, nikamsimulia nesi habari ya mkaratusi. Nesi alipotoka ukasema, "Baba Aneth, si mimi niliyekudaka."

Nikasema, "Unasemaje?"

"Kamba ilinitoka. Ilipita mikononi yote. Ilinasa kwenye panda ya tawi huko juu, ndiyo ikakushika. Mimi nilikuwa nimeshika hewa."

Nikakuuliza kwa nini basi uliendelea kuitika nimeshika, miti yote ile iliyofuata. Ukatabasamu kwa shida. "Ungehamaje tawi nisipoitika?"

Niliendelea kukulisha uji. Nimekuwa na maneno hayo tangu tulipokuzika, na kusema kweli yalikuwa yananiuma. Nilijiona nimedanganywa kama mtoto. Nilikuwa nakaa hapa nawaza miti yote niliyohama nikiwa sina mtu chini.

Basi wiki iliyopita mawingu yalipoanza kukusanyika juu ya nyanda za Ngorongoro, nilishindwa kukaa. Niliitoa ile kamba yako stoo. Panya wameionja kidogo, si sana. Sikupanda mti, mti wenye moyo uliooza haupandwi, na nani angenishikia? Nilifunga jiwe kwenye uzi, nikalirusha juu ya panda, nikavuta kamba ikapita, nikaileta upande wetu hadi kwenye kisiki cha mkaratusi mwingine, ule tuliokuwa nao hapa uani, nikaikaza kwa nguvu zangu zote. Mtendaji alipita na pikipiki. Akasimama, akatazama mti, akatazama kisiki, akatazama mawingu. "Mzee," akasema, "mimi kamba sijaiona." Akaondoka. Mungu ambariki, ndilo aliloweza.

Lakini wewe na mimi tunajua. Kamba ile haiwezi kuushika mringaringa ule. Ni sawa na kumfunga dume la ng'ombe kwa uzi wa kushonea. Mti ukiamua, utaondoka na kamba na kisiki, na mimi nikiwa nimeshika nitaondoka navyo. Nimeifunga kwa sababu mikono ilikataa kukaa bure.

Mvua ya kwanza ilinyesha jioni ile ile. Nilivaa koti, nikaenda kukaa kwenye kisiki, ncha ya kamba mkononi, sijui hata kwa nini. Upepo ukaja, mti ukalia. Nikasikia dirisha la Mama Boay linafunguliwa kidogo.

"Baba Aneth, ni wewe hapo nje?"

"Ni mimi, mama."

"Umeshika?"

Nani alimfundisha neno hilo? Bila shaka alikuwa akitusikia toka shambani kwake miaka yote tulipokuwa tunafanyia mazoezi hapa nyumbani. Nilitaka kumwambia ukweli. Nilitaka kumwambia, mama, toka humo, acha kesi, acha mpaka, acha mwanao, toka. Nilishamwambia hayo yote, na asingetoka. Angekaa tu gizani macho wazi, anasikiliza mti.

Nikasema, "Nimeshika, mama. Lala."

Dirisha likafungwa. Baada ya muda nikamsikia anakoroma, bibi wa watu, chini ya mti ule.

Sasa kila mvua ikija ndivyo tunavyofanya. Ananiuliza, namwitikia, analala. Mimi nabaki pale mpaka inyamaze, nimelowa, natazama juu. Sijawahi kuutazama mti nikiwa chini na kamba. Shingo inauma. Kila tawi likicheza moyo unaruka. Ndivyo ulivyokuwa, mke wangu? Miaka yote ile? Na mimi juu huko napiga mluzi.

Sikukasirikii tena. Nilitaka ujue hilo, ndiyo sababu hasa ya barua. Ila kuna kitu kimoja ungenisaidia, na hakuna mwingine wa kumuuliza. Nikiwa nje kwenye giza, Mama Boay hanioni. Wewe nilikuwa nakuona. Ulikuwa unainua uso kabisa, mchana kweupe, unanitazama machoni unaniambia umeshika. Uliutuliza vipi uso wako?

Matone yameanza kwenye bati. Amekwishaniita mara moja, na sijamwitikia. Ngoja niende.

Mumeo, aliyekuwa juu,
Baba Aneth