Keram ya Mkono wa Kushoto

Kaka yangu Issa,

Shikamoo. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na wifi, ameshajifungua au bado? Sisi huku Kionga tu wazima, na cherehani yangu haipumziki.

Habari kubwa ya hapa ni keram, ule mchezo wa kupiga kete kwa kidole ziingie matundu ya ubao. Unakumbuka nilikwambia baba mkwe wangu, Mzee Saidi, tumemleta kwetu kutoka Mocímboa. Kule alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Fundi uashi mzima, aliyewajengea watu nyumba, akawa anashinda chumbani anatazama ukuta. Nikamwambia mume wangu, "Bakari, huyu mzee nitamtoa mimi."

Nikachukua mlango wa kabati bovu, nikaupiga msasa mpaka ukateleza. Kete ni vizibo vya soda nilivyovijaza nta ya mishumaa, nusu nikavipaka rangi ya kucha. Malkia ni kifungo cha koti. Mifuko ya matundu ya pembeni nimeishona kwa vipande vya nyavu. Ubaoni nilinyunyiza unga wa muhogo, asubuhi nikakuta sisimizi wanafanya harusi! Sasa natumia poda ya mtoto.

Halafu nikaweka sheria ya nyumba: kila mtu apige kwa mkono wa kushoto. Jirani yetu Bi Atija akacheka, "Mkono huo kazi yake si tunaijua!" Lakini akakaa.

Mzee akatoka kwa kunung'unika. Mchezo ukaenda vizuri, mpaka malkia akasimama mdomoni mwa tundu, zamu ya Bakari. Bakari akamkosa makusudi, amwachie baba yake. Mzee akazifagia kete zote chini.

"Batota! Udanganyifu huu! Mkono ndio umekufa, macho hayajafa. Mnanichezea kama mtoto?"

Bakari akainamisha kichwa. Mimi nikaziokota kete, nikazipanga upya.

"Baba, kaa. Nakufunga mimi."

"Thubutu! Na iwe sheria: anayemwachia mwenzake kwa huruma, anatoka mezani."

"Imepita," nikasema.

Nikamfunga, kaka, sikumbakishia kitu. Akautazama ubao, akanitazama mimi, akaangua kicheko mpaka kofia ikamdondoka. Tangu aje nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. "Panga tena," akasema.

Siku hizi akishaswali alfajiri anafanya mazoezi peke yake, nasikia ko, ko, ko. Na ananifunga kweli, wewe unajua mimi sifungwi ovyo. Ijumaa iliyopita akataka kanzu yake ipigwe pasi, akaenda msikitini kwa miguu yake, mara ya kwanza tangu afike. Akarudi na wazee wawili. Kabla hawajakaa akaniita, "Mkwe, bandika chai. Hawa wamekuja kufungwa."

Nisalimie Mama, umbusu mikono, na wifi, na shangazi yetu wa duka la khanga. Bakari anakusalimu, na mzee naye.

Mdogo wako akupendaye,
Somoe