Spoti Hangurumi Tena

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa bado katika nguo nyeusi, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, siku ambayo wakwe wanakuja kunivua nguo za msiba wa mume wangu Bhekani, maana shemeji yangu Falakhe ameshasema, "Shemeji, nikimkuta huyo mbwa namzika kabla sijanywa maji," na sidhani anatania. Spoti nilimchukua kituo cha wanyama waliookolewa miezi mitatu baada ya mazishi, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno, na waliniambia alikotoka alikuwa akipigwa, lakini siku ya kwanza tu alilala juu ya viatu vya kazi vya Bhekani, ambavyo kamba zake bado zimefungwa kama alivyozifunga mwenyewe, nikajua huyu ni wa hapa. Shida ni Alhamisi. Akina mama wa kanisa huja na sare zao kuniombea, wanaimba wakipiga kwa viganja ule mto wa ngozi wanaoutumia badala ya ngoma, na Spoti hubweka mpaka wimbo unapotea. Mmoja wao, MaHadebe, alitania, "Huyu naye apewe sare, sauti ya tatu anaiweza!" Tulicheka, lakini alipoanza kunguruma na kutoa meno niliona aibu, nikawa namfunga mnyororo langoni na kumpiga kwa ndala mbele ya wageni, na kweli akaacha kunguruma, nikashukuru Mungu, kumbe Alhamisi iliyopita MaHadebe alimpita na mto kwapani, mbwa kimya, mara akamdaka mkono, damu ikatoka, tukauosha kwa maji ya chumvi. Yeye anasema yameisha. Jirani anasema nimtilie mbwa sumu. Siwezi, na siwezi pia kungoja aume mtoto wa mtu. Nifanye nini?

MaShezi, Umlazi

*

Pole sana, MaShezi. Sasa mpeleke MaHadebe kliniki leo, na uchukue kadi ya chanjo ya Spoti. Hayajaisha! Kichaa cha mbwa kikishaanza hakina dawa, na hakiogopi chumvi.

Uliposhukuru kwamba ameacha kunguruma, hapo ndipo ulipokosea. Kunguruma kulikuwa kusema, "Naogopa, usisogee." Ukampiga kwa sababu alisema, sasa hasemi, anauma. Hebu fikiri, mama: mbwa aliyezoea kipigo, umemfunga asiweze kukimbia, halafu wanawake kumi wanapiga ngozi mbele yake. Wewe unasikia wimbo. Yeye anasikia nini?

Ndala irudi mguuni. Mnyororo utoke langoni, umtengee uzio nyuma ya nyumba asikoona wapita njia. Maombi yahamie kwa mwenzenu kwa sasa. Daktari wa mifugo amkague, na wale wa kituo wakufundishe kumvalisha kifuniko cha mdomo. Baadaye mtu mmoja agonge mto taratibu, mbali kabisa, huku wewe ukimpa vipande vya maini. Ni kazi ya miezi. Daktari akisema mbwa huyu hafai kukaa na watu, utamsikiliza daktari, si Falakhe, na sumu usiitaje tena.

Jumamosi hiyo Spoti alale kituoni. Ila kuna jambo hukuniuliza. Jumapili utamfuata ukiwa na gauni la rangi, na tangu akujue hajakuona ila katika nyeusi. Huenda akakungurumia wewe. Usimkaripie. Kaa chini, mgeuzie ubavu usimkazie macho, weka kiatu kimoja cha Bhekani kando yako, na ungoje mpaka aje mwenyewe.