Programu Iliyokuja na Wageni

Jumanne, baada ya Isha

Kumbe ile programu ya kukatia video haikuja peke yake. Niliipakua jana nitengeneze video ya arobaini ya kuzaliwa kwa mwanangu Nasra. Ikawa inauliza, nami nabonyeza "endelea" tu, naona vibaya kukataa. Leo kompyuta imejaa programu nisizozijua na matangazo, na inajivuta.

Shemeji yangu Idi kaiangalia, akacheka. "Shemeji, umekaribisha ukoo mzima. Vile viboksi vyenye tiki ulivisoma?"

"Sikusoma. Nilidhani wenyewe wameshapanga."

Picha zote za mwanangu zimo humo tu. Niliogopa sana.

Tumezinakili kwenye flashi, zinafunguka. Idi akataka kuzifuta zile programu. Nikamwambia akae pembeni, nitazifuta mwenyewe. Nataka kujua kila moja ilifuata nini kwetu.