Gobori Dogo Juu ya Mlango

Bonde la Caney, Tennessee
Septemba 3, 1979

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Nyonga inasemaje na hizi asubuhi za baridi? Na yule paka wa jicho moja, bado anakulalia miguuni? Huku sote wazima. Mimi ni mzima kupita kiasi, hata naona haya kuandika. Leo ni wiki ya saba tangu niolewe na bado nikisikia gari la Doyle likipanda kilima naacha sufuria jikoni na kutoka mbio. Juzi maharage yaliungua. Aliyala yote, akasema hajawahi kuonja moshi mtamu namna ile. Babu, huyu ndiye niliyempata.

Sasa nina ombi. Doyle ana mdogo wake wa kike, Ivalee, wifi yangu wa miaka kumi na mmoja, mwembamba kama mpini wa ufagio. Anataka kushindana Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, kwenye shindano la kulenga shabaha kwa magobori, lile ambalo zawadi yake ni ng'ombe. Kwao hapa watoto husubiri mpaka miaka kumi na sita. Baba mkwe amekubali shingo upande, kwa sharti: Ivalee alale nyuma ya gogo apige mara tatu kama watu wazima, na walau risasi moja iguse karatasi. Isipogusa, asubiri miaka yake mitano na asimsumbue mtu tena. Mtoto hali vizuri tangu aambiwe hivyo.

Na mimi, bibi harusi, nikasema mezani mbele ya wote kwamba nitamfundisha. Shemeji Wendell akaniuliza kama nitamfundisha na kupika maharage.

Shida ni kwamba magobori ya humu ndani ni marefu kuliko yeye. Akiinua la Doyle mtutu unainama wenyewe. Lile dogo ulilonitengenezea nikiwa na miaka tisa bado liko juu ya mlango wako? Tuazime, Babu.

Doyle anakuamkia. Amesimama nyuma yangu ananipulizia shingoni, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Mjukuu wako mwenye raha zake,
Arlena


Septemba 12, 1979

Mke wangu uliyenikimbia,

Marahaba. Nyonga inauma nikipanda ngazi na inauma nikishuka, kwa hiyo nakaa. Paka ni mzima.

Gobori halitoki. Nililipima kwa mkono wako, si kwa mkono wa mtu mwingine. Tangu siku ile halijapigwa, na sababu unaijua. Mwambie mumeo akate kitako cha lake.

Msalimie huyo mwizi wangu.

Babu yako,
Hobart


Septemba 20, 1979

Babu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri na kahawa mkononi, maana nataka tuiseme hiyo siku ile. Miaka kumi na mitatu tunaizunguka kama shimo njiani.

Nilishindilia goroli ya risasi, nikasahau kuuchomoa mdeki, ule ufito wa kushindilia. Nikapiga. Mdeki ukatoka mtutuni, ukavuka uzio, ukapotelea kwenye malisho ya mzee Hensley na ng'ombe wakakimbia hadi mtoni. Watu wote walicheka, na wewe ulicheka kuliko wote, ukajishika magoti. Nikaenda nyumbani peke yangu. Sikulala nyuma ya gogo tena. Sikukuchukia hata siku moja, Babu. Niliogopa tu kuchekwa.

Ivalee hanichoshi. Kila jioni baada ya shule tunaliweka gobori la Doyle juu ya mto wa kulalia, na anataja kwa sauti kila anachofanya: baruti, kitambaa, goroli, mdeki chini, mdeki nje, fataki. Lisipolipuka hageuzi mtutu pembeni, anaulekeza mbele vilevile na kuhesabu mpaka sitini kabla ya kugusa kitu. Hilo analijua kuliko sala ya Bwana. Lakini bega lake limekuwa la buluu, na risasi zinakwenda zinakotaka zenyewe. Jana aliniuliza kama miaka mitano ni mingi.

Sitakuomba tena. Nakwambia tu.

Doyle ameniletea tofaa la kwanza la mti wetu. Tumeligawana kwa meno.

Arlena wako


Oktoba 8, 1979

Mjukuu wangu,

Dereva wa lori la maziwa anakuja na kifurushi kirefu. Nimelisafisha, nimebadili springi, na kitako nimekipunguza kidogo kama yeye ni mwembamba hivyo. Baruti ni kipimo cha pembe hiyo ndogo, usizidishe. Linapiga kushoto kwa upana wa kidole.

Sharti ni moja. Na wewe ulale nyuma ya gogo.

Nilicheka. Sikupaswa kucheka.

Babu


Oktoba 28, 1979

Babu yangu, Babu yangu,

Shikamoo, shikamoo mara mbili. Nyonga na paka nitawaulizia mwishoni, sasa siwezi.

Wiki mbili na nusu tulizopata na gobori lako, Ivalee alikuwa mtu mwingine. Lilimkaa begani kama limeota hapo. Doyle aliona mdeki wa gobori hilo umefungwa uzi wa nta katikati, akasema atachonga mpya. Ivalee akakataa, akasema huu unashikika vizuri pale penye uzi.

Jana jua lilitoka mapema. Watu ishirini na wanane walileta mbao zao, kila mmoja kauchoma wake ukawa mweusi na kubandika kipande cha karatasi chenye msalaba. Hatua sitini kutoka kwenye gogo, na nyuma ya mbao ule mti mkubwa wa mwaloni. Mama mmoja aliyeleta keki ya matofaa alimuuliza Ivalee amekuja kumshika nani mkono. Ivalee akamjibu kwamba amekuja kuchukua ng'ombe.

Risasi ya kwanza ilichimba ubao chini kabisa. Ya pili ikala pembeni, nje ya karatasi. Shemeji Wendell alikuwa anaongea tangu alfajiri, na wakati Ivalee anapakia ya tatu akamsogelea kumpa mawaidha. Mtoto akalala, akavuta pumzi, akafyatua. Fataki ikalia tak, basi.

Akahesabu mpaka sitini. Nikasikia watu nao wanahesabu kwa minong'ono. Akaweka fataki nyingine. Tak. Hapo nikamwona anatazama pembe ya baruti, na uso wake ukabadilika. Alikuwa ameshindilia goroli bila baruti.

Mtu akaanza kucheka nyuma, Babu. Ukaja ule mcheko wenyewe, ninaujua. Mdomo wa Ivalee ukaanza kutetemeka. Sijui nilipata wapi sauti, maana unajua mimi mbele ya watu huwa nanong'ona.

"Ivalee," nikasema, kila mtu akasikia, "mimi nilisahau mdeki ndani ya gobori hilohilo. Nikaupiga ukaenda kwenye malisho ya jirani. Ng'ombe kumi na moja wakaingia mtoni."

Akanigeukia. Kisha akauliza, "Ulimpiga hata mmoja?"

"Sikumpiga hata mmoja."

Akaangua kicheko, na mimi nikacheka, na uwanja wote ukacheka hadi mwamuzi akavua miwani kujifuta. Lakini huu haukuwa mcheko ule wa zamani. Tulikuwa ndani yake, Babu. Sikujua kwamba kuna mlango wa kuingilia.

Mwamuzi akasema goroli ambayo haikutoka kwa baruti yake si risasi, itolewe kwanza. Ivalee mwenyewe akafungua kile kichuchu kinachokalia fataki, akadondosha ndani punje chache za baruti laini, akafunga, akaelekeza kwenye ukingo wa udongo. Goroli ikatoka kivivu, kama mtu anayetema mbegu. Akapakia upya, akitaja kila kitu kwa sauti, na Wendell hakuthubutu kupumua.

Moshi ulipotawanyika baba mkwe alitembea mwenyewe hadi kwenye ubao. Alikaa huko muda mrefu. Kisha akarudi, akatupita. Alikwenda kwenye gari lake, akatoa shoka, akamkabidhi Ivalee.

Unaelewa, Babu? Huku wanaangalia risasi moja iliyo karibu zaidi na msalaba. Wa kwanza huchukua ngozi na mafuta, wanne wanaofuata hugawana nyama, na wa sita hupewa risasi zote zilizozama kwenye mwaloni. Goroli yake ilikuwa imekata mkono wa msalaba. Alikuwa wa sita kati ya ishirini na wanane. Alichonga ule mti mpaka giza likaribie, na hakumruhusu mtu amsaidie. Jana usiku alikula sahani mbili.

Baba mkwe amesema kuanzia mwakani umri ni kumi na mmoja.

Nami nilitimiza sharti. Nililala nyuma ya gogo. Nilipata nafasi ya tatu, Babu, paja zima la nyuma, na shemeji Wendell ndiye aliyelibeba begani hadi nyumbani. Doyle alinibusu mbele ya mwamuzi na masizi yote ya baruti usoni mwangu, na leo asubuhi bado ana alama puani.

Nyonga haijambo? Paka je?

Mjukuu wako, wa tatu katika kaunti nzima,
Arlena


Novemba 5, 1979

Mke wangu,

Marahaba. Nyonga leo sijaisikia. Nimesoma barua yako mara nne, na mara moja kwa sauti, paka akaondoka.

Mwizi aje anichukue Jumamosi. Nitakuja na kalibu ya kumiminia goroli, nimfundishe huyo mtoto kuyeyusha risasi zake awe na goroli za mwaka mzima. Wewe niandalie maharage. Usiyaangalie sana motoni.

Na mwambie mumeo asichonge mdeki mwingine. Huo wenye uzi ndio wenyewe. Niliutafuta siku mbili kwenye malisho ya Hensley, ulikuwa umevunjika katikati. Nikaufunga, nikaja nao hadi mlangoni kwako. Wewe ulikuwa umelala, nami sikujua niseme nini.

Babu yako,
Hobart