Suruali ya Kuendea Nyuki

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu, hata shangazi ninayelala naye chumba kimoja: leo nimenunua suruali, na si ya kaka. Ni yangu. Kwa Kihangaza aibu ingenishinda, ndiyo maana nakuandikia kwa Kiswahili cha shule. Mgongo unaendeleaje? Mvua imefika huko Kanazi, au bado mnatazama mawingu tu? Huku Nyakanazi tu wazima, isipokuwa miguu yangu.

Miguu, mama, kwa sababu ya nyuki. Likizo hii shangazi alinichukua na kikundi chao cha akina mama kwenda kwenye mizinga, porini upande wa Lusahunga. Wote huvaa vitenge na kuvifunga kamba vifundoni. Kamba yangu ililegea. Nyuki mmoja akapanda ndani, wenzake wakamfuata. Nilikimbia mpaka barabarani, dereva wa lori akapiga honi akidhani naomba lifti! Tangu siku hiyo naachwa kambini na sufuria.

"Wewe chochea moto, mwanangu," shangazi huniambia. "Mizinga ina wenyewe."

Nami natamani kuona, mama. Nyuki anaujuaje mzinga wake kati ya mingi inayofanana?

Basi nikaenda mnadani na pesa niliyopewa kwa kuchuja asali. Kulikuwa na suruali mpya zinazong'aa, elfu nane tu. Nikavuta mshono wa moja, uzi ukalia. Nikaiinua juani, nikaviona vidole vyangu upande wa pili. Itazuia mwiba gani hiyo? Kando yake mtumba mmoja wa rangi ya mchanga, mzito kama turubai, magoti yameshonwa mara mbili: elfu kumi na nane. Pesa yangu yote. Kulikuwa na nyeusi pia, nzito vilevile na bei chini, lakini shangazi husema nyuki wakiona cheusi hudhani ni mnyama mwizi wa asali. Nikachukua ile ya rangi ya mchanga.

"Ya shemeji hiyo?" muuzaji akauliza.

"Ya kaka."

"Mnene?"

"Kama mimi hivi."

"Basi zungusha kiuno chake shingoni kwako, ncha zikikutana imetosha. Hapa hairudishwi!"

Unajua, mama, shingo hupima kiuno cha mwenye shingo. Ningezungusha tu, mnada mzima ungejua ni ya nani, na akina mama wawili wa kwaya walikuwa wanachagua mashuka palepale. Nikalipa bila kupima.

"Huyo kaka ana bahati, hata hapimiwi!" muuzaji akasema.

Naogopa isinitoshe, na naogopa zaidi ikinitosha. Baba alisema binti yake hatavaa suruali, nawe ulinyamaza. Ulikuwa unakubali, au ulikuwa unafikiri? Kesho asubuhi shangazi anarudi mizingani. Nisipomwonyesha leo, nitabaki na sufuria mpaka shule ifunguliwe.

Nisalimie bibi, asali yake nimeiweka. Mdogo wangu mchunga mbuzi aache kuvaa viatu vyangu. Na baba, msalimie kwa upole, akishakula.

Nasikia kandambili za shangazi uani. Nimezoea kusukuma karatasi chini ya godoro. Leo naiacha hapa mezani. Suruali nimeizungusha shingoni, mama, na ncha zimekutana kisogoni. Anagusa mlango.

Mwanao,
Anitha